Barua ya wazi kwa wakuu wa vituo vya kuongoza vyombo vya anga: mnabana mafunzo, mnapoteza chombo

Kwa: Wakurugenzi wa mashirika ya anga, wamiliki wa kampuni za setilaiti, na wakuu wa vyuo vinavyorusha setilaiti ndogo.

YAH: MAFUNZO YA WAENDESHAJI WA VYOMBO VYA ANGA, GHARAMA ZAKE NA UCHELEWAJI WAKE

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mkufunzi wa waendeshaji wa setilaiti. Kazi yangu ni kumchukua kijana aliyetoka kumaliza uhandisi au fizikia na kumfikisha mahali ambapo anaweza kukaa mbele ya skrini usiku, setilaiti ikapita juu ya antena, naye akajua la kufanya kabla haijatoweka kwenye upeo. Haya nitakayoyasema niliyasema kwanza kwa njia za ndani, kwa maandishi na vikaoni. Nilijibiwa kwa adabu kwamba maoni yangu yamepokelewa na yatafanyiwa kazi katika bajeti ijayo. Bajeti ijayo ilikuja, na fungu la mafunzo likapunguzwa. Ndipo nikaamua kuandika hadharani, na siwaandikii wakuu wangu peke yao, kwa kuwa wenzangu wa vituo vingine wananisimulia habari ile ile.

Sijaja kuomba fedha zaidi. Fedha mnazotumia sasa zingetosha kufunza watu wengi zaidi, na vizuri zaidi, kama zingetumika mapema na kwa vitu vinavyostahili. Mnachokiita kubana matumizi ni kukopa, na deni analipishwa mtu wa zamu ya usiku akiwa na chombo kinachomponyoka.

Kwa wasomaji wasioijua kazi hii: setilaiti ya obiti ya chini, yaani inayoizunguka dunia kwa karibu, hukimbia takriban kilomita 7.5 kwa sekunde. Antena moja huiona kwa dakika kama 10 ikipita juu vizuri, na mara nyingi pungufu ya hapo. Ndani ya dakika hizo mwendeshaji anahakikisha mawimbi yameshikwa, anasoma volti za betri, anatazama kama kompyuta ya chombo imejiwasha upya tangu pito lililopita, anaangalia chombo kimeelekea wapi, ndipo anatuma amri zilizopangwa, moja baada ya nyingine, akisubiri kila moja ithibitishwe. Siku nyingi hakuna jipya. Kisha siku moja namba moja inageuka nyekundu, zimebaki dakika sita, na kitabu cha taratibu kinasema wasiliana na mhandisi wa mfumo. Mhandisi amelala. Mwendeshaji aliyewahi kuiona namba ile ikiwa nyekundu mazoezini ataamua haraka kama jambo linaweza kungoja pito lijalo au haliwezi. Asiyewahi ataanza kufungua kurasa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Simuleta inakuja mwisho, na ikija haimfikii mwendeshaji

Mkataba wa kawaida humtaka mtengenezaji alete simuleta kamili, inayoendesha programu halisi ya chombo na kuiga kila kifaa kilichomo. Ni mashine nzuri, na ni ghali. Kwa kuwa ni ghali, inanunuliwa moja. Inafika chombo kikiwa karibu kurushwa, na papo hapo foleni inaanza: wahandisi wa programu wanaitaka wapime toleo jipya, wataalamu wa mifumo wanaitaka wahakiki taratibu, mwendeshaji anabakiziwa saa ambazo hakuna mwingine aliyezitaka. Nimewahi kuwa na wanafunzi walioketi nyuma ya mhandisi wakimtazama akifanya majaribio yake, na kwenye ripoti ikaandikwa kwamba wamepata mafunzo ya simuleta.

La ajabu ni kwamba mengi anayohitaji mwanafunzi wa miezi ya mwanzo hayaitaki mashine hiyo kabisa. Kusoma telemetri (vipimo ambavyo chombo hutuma ardhini), kuitambua namba inayoharibika polepole kabla haijavuka mpaka, nidhamu ya kutuma amri na kungoja uthibitisho, namna ya kukabidhi zamu: yote haya yanafundishika kwenye kompyuta ya kawaida. NASA imeachia bure Open MCT kwa ajili ya kuonyesha telemetri, GMAT kwa hesabu za obiti, na NOS3, ambayo ni simuleta nzima ya setilaiti ndogo. Yamcs, mfumo wa kuongozea vyombo uliotengenezwa Ubelgiji, nao msimbo wake uko wazi. Mtandao wa SatNOGS umeunganisha antena za watu wanaojitolea katika nchi nyingi, hivyo mwanafunzi anaweza kupokea mawimbi ya setilaiti halisi bila kituo chake kununua hata waya. Hata wanaanga walioko Kituo cha Kimataifa cha Anga hujinoa kuendesha mkono wa roboti kwa programu iliyo kwenye kompyuta mpakato, wakiwa huko huko juu.

Simuleta kubwa ibaki kwa mazoezi ya timu nzima na mtihani wa mwisho. Kumwingiza humo mwanafunzi wa wiki ya kwanza ni kama kumfundisha mtu kusoma saa ndani ya chumba cha rubani.

2. Tunawafundisha siku njema tu

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye kiini cha barua hii.

Tarehe 5 Julai 1969, siku 11 kabla ya Apollo 11 kurushwa, timu ya Gene Kranz, mkuu wa zamu katika chumba cha udhibiti cha NASA kule Houston, ilikuwa kwenye mazoezi ya kutua mwezini. Msimamizi wa mazoezi, Dick Koos, aliwatupia hitilafu wasiyoitarajia: kengele kutoka kwenye kompyuta ya chombo cha kutua. Steve Bales, aliyekuwa na miaka 26 na mwenye dhamana ya mfumo ule, hakuwa na kanuni yoyote ya kumwongoza. Akasema kutua kusitishwe. Zoezi lilipokwisha Koos aliwaeleza wazi kwamba wamekosea. Kompyuta ilikuwa imelemewa na kazi lakini bado inatimiza zile za lazima, na vipimo vingine vyote vilikuwa sawa. Kranz akaagiza kengele zote zichambuliwe, na Jack Garman, mtaalamu wa programu ile, akaandika orodha kwa mkono: hii endelea, hii simama.

Tarehe 20 Julai, Armstrong na Aldrin wakiwa wanashuka kweli, ikalia kengele namba 1202, mojawapo ya zile za kompyuta kulemewa. Garman alikuwa na orodha yake mbele yake. Akamwambia Bales, Bales akamwambia Kranz, na chombo kikaendelea kushuka.

Hebu pigeni hesabu ya gharama ya somo lile. Ni zoezi moja na karatasi moja. Kilicholipa thamani ni kwamba palikuwa na mtu mwenye ruhusa ya kuiangusha timu bora kabisa siku chache kabla ya safari, na hakuna aliyemwambia kwamba anaharibu ratiba.

Kwetu mambo yamepinduka. Orodha ya hitilafu za mazoezi hupitishwa na meneja wa mradi, ambaye anataka ripoti safi kabla ya kikao cha kuidhinisha urushaji. Nikipanga betri iharibike wakati ule ule ambapo kituo cha antena kimezimika, naambiwa mambo hayo mawili hayawezi kutokea kwa pamoja. Hitilafu, waheshimiwa, hazijapewa nakala ya jedwali lenu la uwezekano. Matokeo yake ni kwamba tunatoa wahitimu waliofaulu kila zoezi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuhisi tumbo likimkata mbele ya skrini. Mnawapa hisia hiyo kwa mara ya kwanza wakiwa wameshika chombo chenyewe.

3. Zamu zimebanwa hadi hakuna wa kumfundisha mwingine

Mwendeshaji hujifunza zaidi akiwa kando ya mwendeshaji. Anakaa naye zamu, anamwona anavyositasita kabla ya amri nzito, anamsikia akisoma namba kwa sauti. Zamu ya watu wawili ilipogeuzwa kuwa ya mtu mmoja, darasa hilo lilifungwa, na hakuna mstari wowote kwenye vitabu vya mahesabu ulioonyesha hasara.

Mfano upo, tena wa wakati ambapo kauli mbiu ya NASA ilikuwa haraka zaidi, bora zaidi, rahisi zaidi. Agosti 1997 ilirushwa setilaiti iliyoitwa Lewis. Kwa ajili ya kupunguza gharama ilikuwa na timu moja tu ya waendeshaji. Siku chache baadaye chombo kilionyesha tabia ya ajabu, watu wakaishughulikia hadi wakachoka, kikaonekana kimetulia, wakaenda kupumzika bila kutangaza dharura. Usiku ule Lewis ilianza kuzunguka huku paneli zake zikilipa jua ubavu. Waliporudi betri zilikuwa zimekwisha. Haikusikika tena, na Septemba hiyo hiyo iliungulia kwenye angahewa. Mimi siwalaumu wale watu. Timu moja haiwezi kukesha kila siku, na mtu aliyechoka huamini kwamba kitu kimetulia kwa sababu anataka kiwe kimetulia.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya SOHO, chombo cha NASA na shirika la anga la Ulaya cha kuchunguza jua. Juni 1998 kilipotea mawasiliano wakati wa kazi iliyoonekana ya kawaida ya kurekebisha jiroskopu, vifaa vinavyopima chombo kinavyozunguka. Bodi ya uchunguzi ya mashirika hayo mawili haikukuta kosa kwenye chombo. Makosa yalikuwa ardhini: taratibu zilizobadilishwa bila kuhakikiwa vya kutosha, ratiba iliyobana kupita kiasi, watu wachache, na uamuzi wa kuzima jiroskopu ambayo kumbe ndiyo ilikuwa ikisema kweli. Ilibidi darubini ya redio ya Arecibo itumike kama rada kuthibitisha kwamba bado kipo. Kilirudishwa kazini baada ya miezi ya jasho na mafuta yaliyoganda kuyeyushwa, na kimeendelea kulitazama jua kwa miaka mingi tangu hapo. Si kila mtu atabahatika hivyo.

4. Mtu akishapewa cheti, basi

Rubani wa ndege hurudishwa kwenye simuleta kila baada ya muda. Mwendeshaji wa setilaiti, katika vituo vingi ninavyovijua, hupimwa mara moja na kuachwa. Juni 25, 1997, kamanda wa kituo cha anga cha Urusi, Mir, alipewa kazi ya kuunganisha kwa mkono chombo cha mizigo cha Progress, ufundi ambao mafunzo yake rasmi aliyapata duniani kabla ya kupanda Februari. Jaribio lenyewe lilitokana kwa sehemu na nia ya kuacha kutegemea mfumo wa kujiunganisha ambao bei yake ilikuwa imepanda. Progress ikaigonga Mir na kutoboa moduli ya Spektr. Kulikuwa na sababu kadhaa, lakini ujuzi uliokaa miezi bila kuguswa ulikuwa mmoja wao. Wanangu wa zamu wamekaa zaidi ya hapo bila kugusa taratibu za dharura.

5. Makosa yanafungiwa kabatini

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Tunajua kilichoiangamiza Mars Climate Orbiter mwaka 1999, upande mmoja ukitumia vipimo vya Kiingereza na mwingine vya metriki, kwa sababu bodi ya uchunguzi ilichapisha ripoti. Wanaosimulia kisa hicho husahau kwamba ripoti ile ile ilitaja pia upungufu wa watu na wa mafunzo katika timu ya uongozaji. Tunajua vilevile kwamba Hitomi, setilaiti ya Japani ya mionzi ya eksirei, iliyorushwa Februari 2016, ilisambaratika mwezi uliofuata, na kwamba miongoni mwa sababu ni vigezo vya injini ndogo vilivyopandishwa bila kuhakikiwa ipasavyo. JAXA, shirika la anga la Japani, walisema hadharani. Kwa sababu hiyo nafundisha Hitomi kila kundi jipya, bila kulipa chochote.

Lakini matukio madogo, yale ambayo chombo kilinusurika, ndiyo mengi na ndiyo yenye mafunzo zaidi, na hayo hayatoki nje ya jengo. Kituoni kwetu iliwahi kutumwa amri kwa chombo ambacho haikukusudiwa. Haikuleta madhara. Maelezo yake yakapewa muhuri wa siri, na kundi lililofuata la wanafunzi halikuruhusiwa kuyasoma.

Visingizio nitakavyopewa

Mtasema kompyuta zitachukua kazi hii. Zimeshachukua sehemu kubwa, nami nafurahi, maana hakuna raha ya mtu kukesha akisoma volti zisizobadilika. Ila kinachobaki kwa binadamu ni kile kigumu tu, na sasa anakutana nacho akiwa amekaa muda mrefu bila kushika kitu. Septemba 2, 2019 shirika la anga la Ulaya lilisogeza setilaiti yake ya Aeolus ili isikaribiane na moja ya setilaiti za intaneti za Starlink, mali ya kampuni ya SpaceX. SpaceX walieleza kwamba hitilafu katika mfumo wa kumwita mtu wa zamu ilimfanya mwendeshaji wao asione ujumbe uliofuata, hatari ilipokuwa imepanda. Mitambo ilikuwepo pande zote mbili. Kilichokosekana ni mtu kupata habari kwa wakati.

Mtasema tukiwafundisha wataondoka. Wataondoka, ndiyo, hasa wakiona wanatumika usiku mfululizo bila kupanda ngazi. Kumweka asiyefundishwa ili asiondoke ni hesabu ambayo sijawahi kuielewa.

Mtasema kuna siri za kibiashara na sheria za usafirishaji wa teknolojia. Nazijua na naziheshimu. Mwanafunzi hahitaji msimbo wenu wa siri ajifunze kukabidhi zamu.

Na mtasema hamwezi kuwapa wanafunzi chombo halisi wakichezee. Hili lina uzito kuliko mengine, lakini limeshajibiwa na waliothubutu. OPS-SAT ya shirika la anga la Ulaya, iliyorushwa Desemba 2019, ilikuwa setilaiti yenye urefu wa sentimita 30 hivi, iliyojengwa makusudi ili watu wa nje wapandishe programu zao na kujaribu uendeshaji mpya bila malipo, ikiwa na mfumo wa kuirudisha salama kila walipoikoroga. Ilifanya hivyo hadi ilipoingia kwenye angahewa Mei 2024. Darubini ya anga ya Herschel nayo, ilipoishiwa heliamu ya kuipoza mwaka 2013, haikuzimwa siku ile ile. Wahandisi waliitumia kwanza kufanyia majaribio ambayo wasingethubutu kuyafanya kwenye chombo chenye kazi. Kila mwaka baadhi yenu mnazima setilaiti zilizomaliza muda wake, na mwanafunzi wangu hajawahi kuruhusiwa kugusa hata moja.

Ninachoomba

(a) Waajirini waendeshaji wakati chombo kingali kwenye michoro, hata kama ni wawili tu, na waandike wao rasimu ya kwanza ya taratibu. Atakayetumia karatasi usiku wa manane ndiye anayejua inapaswa kusemaje.

(b) Tenganisheni simuleta. Programu za wazi kwenye kompyuta za kawaida ziwe za mwanzo, ile kubwa iwe ya timu. Kwenye mkataba na mtengenezaji, saa za waendeshaji ziandikwe kwa idadi, na zisiweze kuchukuliwa bila saini ya mkuu wa uendeshaji.

(c) Msimamizi wa mazoezi asiwe chini ya meneja wa mradi. Aripoti kwa mkuu wa usalama au kwa mkurugenzi mwenyewe, na orodha yake ya hitilafu asiione mtu hadi siku ya zoezi. Hili halina gharama yoyote. Ni barua ya uteuzi tu.

(d) Mwanafunzi akae zamu na mwenyeji kabla ya kukaa peke yake, na zamu hizo zihesabiwe kuwa kazi inayolipwa. Zoezi la hitilafu lirudiwe kwa kila mwendeshaji mwenye cheti, mkongwe na mgeni.

(e) Kila setilaiti inayokaribia kuzimwa, na ambayo hali yake inaruhusu, itengewe muda wa mafunzo kabla ya kumwaga mafuta yaliyobaki na kuzima redio. Mipaka ya usalama iwekwe na wahandisi wake wenyewe.

(f) Vituo vikubaliane kubadilishana taarifa za matukio madogo, majina ya watu na ya kampuni yakiwa yameondolewa. Sekta ya ndege imekuwa na mifumo ya namna hiyo tangu miaka ya 1970.

Kama hayo yote hayawezekani kwa mara moja, anzeni na (c).

Naomba majibu ya maandishi kabla ya kupitishwa kwa bajeti ijayo, pamoja na jina la ofisa atakayesimamia jambo hili. Rasimu ya mtaala wa miezi mitatu ya kwanza, inayotumia programu za bure tu, nimeshaiandika. Kituo chochote kitakachoihitaji nitaipeleka, kiwe ni changu au cha mshindani wake.

Wenu katika kazi,

Mkufunzi wa zamu,
Chumba cha udhibiti wa setilaiti

Nakala: Waendeshaji wote walioko zamu usiku huu.